Uzi wa Mdomo wa Gunia

Shangazi yangu alikuwa na namna moja tu ya kukagua kazi. Hakuiangalia. Alishika ncha ya uzi kwa vidole viwili akavuta, na kama mwisho haukufungwa, kazi yangu ya mchana kutwa ilifumuka mbele ya macho yangu, trrrr, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka pale nilipoanzia. Kisha alinirudishia uzi mkononi, umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa, akasema, "Kama hauyafunga mwisho, hauyashona kitu."

Wanaosema subira yavuta heri hawakuwahi kuvutiwa uzi na shangazi yangu.

Nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa sekondari shule zilipofungwa kwa sababu ya vita. Mwanzoni nilifurahi, kama mtoto yeyote. Baadaye nikaanza kuchoka na nyumba, na nyumba ikachoka na mimi. Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, kwa miguu kutoka Sange, jembe begani na sindano moja imechomekwa kwenye kilemba. Kila kitu kingine alikiacha nyuma siku vita ilipopita barabarani. Tulimpa nafasi katika chumba chetu, mimi na dada yangu, hapa Mulongwe, mtaa wa Uvira, nyumba ya tatu kutoka mtoni, ambapo mvua ikinyesha sana mto huja kutusalimia uani.

Dada yangu alikuwa mchumba wa mtu. Kijana mkulima wa mpunga, wa bondeni kule Ruzizi, na maneno yote kati ya wazee yalikwisha kumalizwa. Harusi iliahirishwa kwa ajili ya risasi, ikaahirishwa tena. Sasa ujumbe ulikuwa umefika: baada ya Pasaka watakuja kumchukua, vita iwepo au isiwepo. Mama aliposikia hivyo alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Hakuwaza risasi. Aliwaza shuka.

Kwetu, bibi arusi haondoki bila shuka lililodariziwa. Siku ya kumchukua, wanawake wa upande wa mume hulitandaza mbele ya watu wote, wanaligeuza, wanalipapasa, wanavuta vuta nyuzi kuona kama limeshonwa au limedanganywa. Msichana akienda na shuka tupu, husemwa kwamba ametoka katika nyumba isiyo na wanawake, na maneno hayo atayasikia mpaka azeeke. Na katika ukoo wa baba kuna sharti lingine juu ya hilo: bibi arusi mwenyewe haligusi. Anayelishona ni mdogo wake anayemfuata.

Anayemfuata dada yangu nilikuwa mimi. Mimi ambaye mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Mimi ambaye hata vifungo vya shati la shule nilishonewa na dada huyo huyo, fundi mzuri wa sindano, ambaye sasa alipaswa kukaa kando na kunitazama nikiharibu shuka lake.

"Shangazi, uache minye nimusaidie kidogo tu," alisema siku ya kwanza, mikono ikimwasha.

"Weye ikala pale. Bibi arusi hashonaka shuka yake. Utaanza kujisifu mwenyewe?"

Hata mchoro hakuachiwa achague. Yeye alitaka maua ya waridi. "Wenzangu bote mashuka yabo iko na roza," alisema.

"Roza inakuliwaka?" shangazi akamuuliza.

Akachukua kalamu ya bluu akachora kile alichokijua, marando ya viazi vitamu yakitambaa kwenye pindo la juu, kutoka kona moja mpaka kona nyingine, na majani yake yale tunayoyapika, matembele. Dada alilia. Matembele kwenye kitanda cha harusi! Lakini lazima niseme kweli, jani la kiazi lina umbo zuri, pana juu na chini limechongoka, na likishonwa vizuri watu hudhani ni moyo. Likishonwa na mimi walidhani ni sikio.

Mshono wenyewe ni ule wa mnyororo. Kwa maneno ni rahisi, na ndiyo maana unaudhi. Unatoa sindano juu, unalaza uzi ukawa kitanzi, unaukanyaga kwa kidole gumba, unarudi kwenye tundu lile lile ulilotokea, unachomoza mbele kidogo ndani ya kitanzi, unavuta. Kitanzi cha kwanza kimeshikwa na cha pili, cha pili na cha tatu. Hakuna kinachojishika chenyewe. Ukivuta sana, kitambaa kinajikunja. Ukivuta kidogo, vitanzi vinaning'inia. Na wakati wote kidole gumba kinatoka jasho, uzi unageuka kijivu, na kuna mtu nyuma yako anapumua kwa pua kwa sababu haruhusiwi kukunyang'anya sindano.

Halafu mwisho. Kitanzi cha mwisho hakina mwenzake wa kumshika. Inabidi upite juu yake na sindano, ushuke upande wa pili, na nyuma ufunge mara mbili. Bila hivyo, yote yaliyotangulia ni maneno matupu. Nilikuwa nasahau. Sijui kwa nini nilikuwa nasahau kitu kile kile kila siku. Nilikuwa nikifika ncha ya jani natupa shuka chini kwa furaha, naye anakuja, vidole viwili, trrrr. Kuna siku nilimwambia afadhali anipige.

"Nikupige juu ya nini? Uzi iko inakupiga."

Uzi! Uzi wa dukani ulikuwa umekwisha zamani, mpaka wa Burundi ulikuwa umefungwa na hakuna aliyekwenda Bujumbura kuleta vikorokoro vya wanawake. Tulishonea uzi wa magunia. Pale parokiani waliokimbia vita walikuwa wakigawiwa unga wa mahindi, na shangazi, akiwa mmoja wao, alinichukua nimsaidie kubeba. Watu wote walisukumana kuelekea unga. Yeye alisukumana kuelekea midomo ya magunia, ambako kila mdomo ulishonwa kwa mashine na uzi mweupe, mgumu, mzuri. Baba mmoja alikuwa anafungua kwa kisu. Shangazi alipiga kelele kama aliyeona nyoka.

"Papa, ngoja! Usikate! Iko na upande yake!"

Akampita, akatafuta ncha moja, akaiacha, akatafuta ya pili, akavuta. Mdomo wote wa gunia ukafunguka kwa mkupuo mmoja, trrrr, na uzi mrefu ukabaki mkononi mwake bila fundo hata moja. Baba yule alicheka. Mimi niliona aibu, kwa sababu nyuma yetu kwenye mstari kulikuwa na wasichana wa darasa langu.

Njiani alinionyesha, ndoo ya unga kichwani na uzi umezungushwa kwenye kidole. "Unaona? Ni mushono ile ile minye niko nakufundisha. Mutu wa gunia hakufunga mwisho. Hakusahau, hapana. Aliacha makusudi, mwenye njaa afungue mbio."

Nilimjibu kwamba basi na mimi nimeacha makusudi. Akaniambia nitembee.

Hivyo wiki zikapita. Jani moja linakwenda, mawili yanarudi. Nilipofika katikati ya pindo nilikuwa nimeanza kuwachukia watu wote wanaolala kwenye mashuka. Dada alikuwa amekonda kwa kuogopa kwamba Pasaka itafika na shuka bado liko nusu, na kila aliponiona nimeinuka kwenda kunywa maji aliniuliza, "Unarudi saa hii, ao?" Sikuwa na jibu la adabu. Siku moja nilimwambia akalale kwenye gunia lenyewe, limeshonwa tayari. Hakusema nami siku mbili.

Asubuhi moja nilikuwa uani, nimefika kwenye jani ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa linatoka kama jani, mkono umetulia, kidole kinajua kazi yake, risasi zikaanza kulia milimani juu yetu. Si zile za mbali tulizozizoea. Mama alitoka ndani mbio akatazama huku na huku akitafuta cha kufungia mzigo, akaniona, akalinyakua shuka magotini mwangu. Akatupa ndani sufuria, unga, nguo, na misalaba miwili ya ukutani, akafunga pembe nne, akajitwika. Sindano ilikuwa bado ndani, ile moja, imening'inia kwenye jani.

Niliwafuata nikipiga kelele njia nzima. "Sindano! Sindano iko ndani!" Watu waliokuwa wakikimbia kuelekea Kavimvira waligeuka wakidhani kuna aliyejeruhiwa na anatafutiwa mganga. Mama hakugeuka. "Weye iko wazimu? Bantu biko banakufa, weye unalilia sindano!"

Naam, nililia sindano. Wengine wakumbuke vita kwa namna yao. Mimi siku ile nilikuwa na hasira na vita kwa sababu ya jani. Haikuwa hasira ya nchi wala ya amani. Nilikuwa nimepata mkono, baada ya miezi, na hawa watu na bunduki zao hawakuweza kungoja nimalize ncha.

Tuliporudi, sindano ilikuwepo, shangazi aliitafuta kwa vidole kabla hajakaa. Lakini sufuria ilikuwa imeacha masizi katikati ya shuka, unga umeingia kwenye vitanzi na unyevu ukaugandisha, na lile jani langu zuri lilikuwa limekwaruzwa na mkono wa sufuria likakatika. Tulilifua ziwani, tukalianika kwenye mawe pamoja na ndagala, dagaa wa majirani, na kwa wiki nzima lilinuka kama kitoweo. Rangi ya samawati ya shuka ilipauka. Nikaanza tena. Shangazi akaanza tena kuvuta.

Pasaka ikafika, ikapita. Wakwe wakatuma neno kwamba ni Jumamosi. Jumamosi yenyewe asubuhi nilikuwa kwenye jani la mwisho, la kona ya kulia, na uzi wangu wa mwisho, ule ule niliokuwa nimeshonea majani ya kabla yake bila kuukata. Barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa karibu mwezi mzima, unga haukuja, na bila unga hakuna uzi. Nilishona kwa ubahili, vitanzi vifupi vifupi, nikipima kwa jicho. Nilifika kwenye ncha. Kitanzi cha mwisho kilikaa pale pale palipochorwa. Nikageuza sindano nipite juu yake nifunge, na uzi uliobaki ulikuwa hauzidi ukucha.

Huwezi kufunga kwa uzi wa ukucha. Nilijaribu. Sindano ilivuka peke yake, uzi ukachomoka kwenye tundu lake. Nilifikiria kufumua jani zima nilishone dogo zaidi, lakini nje nilikuwa nimekwisha kusikia sauti za wageni wakipokelewa, na mama akicheka kile kicheko chake cha wageni. Shangazi alikuwa huko pamoja nao. Dada alikuwa chumbani, amevaa, ananitazama kupitia mlango ulio wazi, na usoni mwake niliona kwamba ameelewa.

Nilikwenda jikoni. Chini ndani ya chungu kulikuwa na ukoko wa bugali wa jana, ugali wetu wa muhogo, ule ambao watoto wote wa Uvira hugundishia vishada na baba zetu hugundishia bahasha. Nilimega kidogo, nikausugua kwa mate mpaka ukalainika, nikaupaka nyuma ya kitambaa pale uzi ulipotokea, nikakandamiza kwa kitako cha kikombe cha chai ya moto. Ukakauka, ukashika. Ncha fupi ilibaki imechomoza juu, kama ilivyo desturi, ili wakaguzi wapate cha kuvuta.

Mkaguzi alikuwa shangazi yake bwana arusi, mama mnene mwenye kucha ndefu. Alilitandaza shuka juu ya mkeka, akafuata marando kwa kidole kutoka kona ya kushoto, akivuta hapa, akivuta pale. Alipofika kona ya kulia nilishika ukuta. Akaibana ncha kati ya kucha mbili. Akavuta. Haikutoka.

"Mioyo hii ni mizuri," alisema. "Nani alishona?"

Vigelegele vikapigwa. Upande wa pili wa mkeka shangazi yangu aliniitikia kwa kichwa mara moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya kwanza. Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nimekasirika mpaka machozi. Miezi yote ile ya kufumuliwa, na kilichofaulu mtihani ni bugali. Watu walidhani namlilia dada, na kwa kweli alipopanda kamyoneti ya kwenda Sange, shuka limekunjwa magotini, nilimlilia pia.

Msimu wa mvua uliofuata bonde likawaka moto tena. Watu walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine walipanda milimani, na habari za dada hatukuzipata. Kila aliyepita akitoka huko mama alimsimamisha. Hakuna aliyejua. Dada alikuwa na mimba kubwa mara ya mwisho tuliposikia habari zake, na shangazi aliacha kabisa kuzungumza juu ya sindano.

Dada alirudi siku moja mchana, kwa miguu, mume wake nyuma na godoro kichwani. Mama alipiga ukelele akatoka mbio. Mimi nilikuwa mlangoni na niliona jambo moja tu: alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa shuka langu, na marando hayakufika kona. Pale palipokuwa na majani ya mwisho kulikuwa na matundu ya sindano tu, mistari mitupu, na wino wa kalamu umefifia. Nilifanya kazi ile miezi mingi ya ujana wangu. Kabla sijamsalimu, kabla sijamwuliza kama yu mzima, nilisema, "Majani iko wapi?"

Mama alitaka kunipiga. Dada alikaa kwenye kigoda, akamfungua mtoto, akacheka kidogo kwa uchovu.

"Niliifua mara moja tu," alisema, "na ncha ikatoka inje. Minye nikaiacha. Nilisema nikifika kwetu utaifunga."

Halafu akatuambia. Walipokuwa wakikimbia kuelekea mtoni, uchungu ulimshika katikati ya shamba la mahindi. Mume wake alikwenda kutafuta mtu, akarudi na mama mmoja wa Katogota aliyekuwa akikimbia kama wao. Yule mama alikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Mtoto akatoka, akalia. Mama yule akasema, leta uzi, uzi safi, ya kufunga kitovu. Walichokuwa nacho kilikuwa tope tupu, vitenge, kamba, kila kitu, isipokuwa shuka lile lililokuwa ndani kabisa ya mzigo.

"Nikaona ile ncha. Nikavuta. Ikakuja yote, trrr, kama ya gunia." Alinitazama. "Kama ungeifunga, minye singeweza. Wembe, mama ile alikataa iguse kitu ingine, na minye sikukuwa na nguvu hata ya kukata na meno."

Shangazi alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akampandisha kishati. Akakitazama kitovu, akakigusa kwa kidole kimoja. Kilikuwa kimepona vizuri, kidogo, kikavu.

"Ulifunga na nini?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Na bugali."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote aliyowahi kunipa, na mengine mapya. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akachukua shuka, akaliweka magotini mwangu, na juu yake akaweka sindano.

"Shona tena. Juma hii banarudia kwabo."

Nilishona, nikinung'unika. Matundu yangu mwenyewe yalikuwa yakinionyesha njia, na safari hii uzi ulikuwapo wa kutosha, kwa sababu magunia yalikuwa yameanza kuja tena. Dada alikaa karibu akimnyonyesha mtoto na hakupumua kwa pua hata mara moja. Nilifika ncha ya jani la mwisho nikiwa na uzi mrefu uliobaki, nikajisikia fahari, nikapitisha sindano juu ya kitanzi ili nishuke upande wa pili na kufunga mara mbili, kama nilivyofundishwa.

Mkono wa shangazi ukashuka juu ya mkono wangu.

"Ile ya mwisho, hapana. Weka bugali."

Nilimkodolea macho. Baada ya yote yale! Nilimwuliza juu ya nini, kwa sauti ambayo mtoto mwenye adabu hamtolei shangazi yake.

"Vita imeisha?" aliniuliza.

Nilimtazama dada. Alikuwa ameinamia mtoto na hakuonyesha kwamba amesikia. Nikaacha shuka na sindano yake juu ya kigoda, nikaenda jikoni kuangalia kama chungu hakijaoshwa.